Valvu kwenye bomba la chuma lililofukiwa: soma dalili kabla ya kuchimba

Valvu ikianza kusumbua, wengi hukimbilia kuagiza nyingine. Chemba inachimbuliwa, bolti zinakatwa kwa gurudumu kwa kuwa kutu imezila, valvu mpya inakaa mahali pake, na baada ya misimu michache ya mvua kasoro ni ile ile. Mara nyingi ubovu haukuwa ndani ya valvu. Ulikuwa pale valvu inapokutana na bomba, au pale bomba linapokutana na udongo.

Chuma si plastiki. Bomba la chuma lililochomelewa ni kitu kimoja kirefu, na mbali na maji husafirisha vitu vingine vitatu: joto linalolirefusha na kulifupisha, nguvu za kuvuta na kusukuma, na umeme. Vyote hivyo husafiri kimya kimya hadi vikute kiungo dhaifu, na kiungo hicho huwa ni flanji ya valvu, ile sahani ya duara yenye matundu ya bolti. Ukilishika hilo, nusu ya dalili zilizoelezwa hapa utazisoma mwenyewe.

Vipimo vya kufanya ukiwa juu ya ardhi

Anza na ufunguo wa T wa kugeuzia valvu, na uhesabu mizunguko. Valvu ya geti ya kawaida, ile yenye kabari inayoshuka kukata maji, huhitaji takribani kipenyo chake kwa inchi mara tatu, ukiongeza miwili au mitatu. Ya inchi 6, yaani DN150 (DN ni kipenyo cha kawaida kwa milimita), ni kama mizunguko 20. Ya inchi 12, DN300, ni kama 38. Ni makadirio tu, maana uzi wa spindeli (fimbo inayopandisha na kushusha kabari) hutofautiana kwa watengenezaji, lakini yanatosha kukuelekeza. Valvu ya DN150 ikigota kwenye mzunguko wa 12, ama kuna kitu kimekaa chini ya kabari ama spindeli imepinda. Ikienda hadi 50 bila kugota popote, spindeli imekatika au nati ya ndani imekwisha meno. Kwa valvu ya kipepeo, ile yenye diski inayogeuka ndani ya bodi, ikiwa na gia, idadi inategemea gia yenyewe, kwa hiyo isome kwenye kibao chake au kwenye kumbukumbu za mtandao.

Hakikisha pia inafunga kwa upande gani. Nyingi hufunga kwa mwelekeo wa saa, ila zipo zinazofunga kinyume, na mtandao uliojengwa kwa awamu unaweza kuwa na aina zote mbili. Malalamiko ya "maji yamepungua mtaa mzima" mara nyingi chanzo chake ni hiki hiki: valvu ambayo mtu aliamini ameifungua, kumbe ameiacha nusu. Kabla hujawaza bomba kuziba, pita kwenye kila valvu ya njia hiyo uhesabu.

Kisha sikiliza. Funga valvu, simamisha fimbo ya chuma juu ya spindeli na uweke sikio kwenye ncha ya pili. Valvu iliyofunga vizuri huwa kimya. Inayopitisha maji hufoka kwa sauti nyembamba isiyokatika. Fanya hivyo usiku kukiwa kumetulia, na ulinganishe na valvu mbili za jirani, kwa sababu bomba la chuma hubeba sauti mbali na linaweza kukuletea mlio wa uvujaji ulioko kwingine kabisa.

Mwisho uliza saa. Unyevu unaoonekana alfajiri na kutoweka mchana, unaotokea pampu inapowashwa tu, na unaotokea valvu ikiwa imefungwa tu, hayo ni matatizo matatu tofauti hata kama maji yanatokea shimo moja.

Haifungi kabisa

Kama ni valvu ya geti ya mtindo wa zamani, yenye kabari ya chuma na kikalio cha chuma, shuku kwanza uchafu. Aina hii ina mfereji chini ambamo kabari hukaa, na mfereji huo hukusanya mchanga, makapi ya kuchomelea na magamba ya kutu yanayobanduka kwenye bomba lisilo na koti la ndani. Usiongeze nguvu. Fungua tundu la kusafishia au hidranti iliyo mbele ya valvu ili maji yapite kwa kasi, kisha funga mizunguko mitano hadi kumi, rudisha miwili au mitatu, funga tena, rudisha tena. Ukikaribia mwisho, nafasi inayobaki chini ya kabari ni nyembamba na maji hupita hapo kwa kasi kubwa; hiyo kasi ndiyo inayosomba taka. Kazi hii huokoa valvu nyingi zilizokwisha kuandikiwa kubadilishwa.

Kama ni ya kabari iliyovikwa mpira, haina mfereji chini, hivyo mchanga si mshukiwa wa kwanza. Tafuta mpira uliochanika. Huchanika kwa sababu tatu za kawaida: jiwe au kipande cha fimbo ya kuchomelea kilichobaki bombani siku ya ujenzi, mtu aliyefunga kwa ufunguo uliorefushwa kwa kipande cha bomba, na joto la kuchomelea flanji huku valvu ikiwa imeshafungwa mahali pake. Hiyo ya tatu utaitambua mara moja ukiifungua: mpira upande mmoja umekuwa mgumu na unang'aa, upande wa pili uko sawa.

Valvu ya kipepeo ina ugonjwa wake wa pekee kwenye bomba la chuma. Ikifunguka, diski yake hutokeza nje ya bodi na kuingia ndani ya bomba. Bomba lenye koti nene la saruji, au lenye nundu la kuchomelea lililobaki kwa ndani, huigusa diski kabla haijamaliza safari. Dalili ni kwamba hugota mapema wakati wa kufungua, na ukilazimisha, ukingo wa diski hukwaruzika na tangu hapo haifungi tena. Dawa haiko kwenye valvu. Ama unapunguza koti kwa mshazari kwenye mdomo wa bomba na kulipaka upya, ama unaweka kipande kifupi cha flanji kwa flanji kuisogeza valvu mbali.

Jambo moja zaidi kuhusu kufunga nusu nusu. Valvu ya geti si ya kurekebishia kiasi cha maji. Ikiachwa imefungwa robo tatu kwa miezi, kabari hutikisika, maji hula kikalio kwa kukichimba vifereji vyembamba, na siku unayoihitaji ifunge haifungi. Ukikuta valvu yenye vifereji hivyo, kabla ya kuleta nyingine ya aina ile ile uliza ni nani anaitumia kupunguza maji na kwa nini. Panapotakiwa kupunguza presha, valvu ya kupunguza presha ndiyo yenye kazi hiyo.

Ngumu kugeuza, au haigeuki kabisa

Kwenye valvu kubwa, ugumu unaweza kuwa wa haki. Chukua DN600 iliyofungwa, upande mmoja una presha ya baa 10 (baa moja ni karibu sawa na presha ya hewa ya kawaida) na upande wa pili hauna kitu. Maji yanaibana kabari kwa nguvu ya karibu kilonyutoni 283, sawa na uzito wa tani 28 na ushee. Hakuna spindeli inayofurahia kuivuta kabari iliyobanwa hivyo. Valvu kubwa ya geti hupewa kibomba kidogo cha pembeni chenye valvu yake, ili kwanza maji yajae upande wa pili na presha zilingane. Kikiwepo, kitumie. Kisipokuwepo, jaza upande wa pili kwa njia nyingine kabla ya kugusa ile kubwa.

Ugumu uliokuja polepole kwa miaka ni wa kutogeuzwa. Kutu na chokaa hushika uzi wa spindeli. Zoezi la kufunga na kufungua mara moja kwa mwaka huzuia mengi ya haya, na ni kazi ya dakika chache kwa valvu moja.

Spindeli ikikatika, usiitupe bila kuitazama. Ile ya shaba nyeupe yenye zinki nyingi huweza kupoteza zinki yake ndani ya maji: inabaki na umbo lile lile, ila ukiikwangua imekuwa nyekundu kama shaba tupu, yenye matundu madogo madogo, na inavunjika kama biskuti. Hapo kuleta spindeli nyingine ya aleji ile ile ni kuahirisha tu. Agiza ya aleji inayostahimili upotevu wa zinki, au ya chuma cha pua.

Kuvuja kwenye flanji

Hapa ndipo penye mambo, na ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa sababu watu hubadilisha gasketi, ile pete ya kuziba kati ya flanji mbili, mara tatu bila kuuliza ni nini kinachoifungua.

Anza kwa kuhesabu matundu ya bolti. Flanji za DN100 na DN150 za PN10 na PN16 (PN ni kiwango cha presha kwa baa) zinafanana kwa matundu, zote nane, hivyo haziwezi kukupotosha. Kwenye DN200 mambo hubadilika: PN10 ina matundu 8, PN16 ina 12, juu ya duara lile lile la milimita 295. Kwenye DN250 zote zina 12, ila duara la PN10 ni milimita 350 na la PN16 ni 355. Tofauti ya milimita tano ni ndogo kiasi cha kumshawishi fundi apanue matundu kwa tochi ya gesi na kulazimisha. Flanji iliyolazimishwa hivyo hukaa na bolti zilizoegemea upande mmoja, na kazi ya bolti ni kubana, si kuvuta pembeni. Ukiona tundu lenye kingo zilizoyeyuka, umeshapata jibu.

Pili, tazama uso wa flanji ya bomba. Flanji ya kuvesha ikichomelewa mzunguko mzima kwa mkupuo mmoja hupinda kwa joto na uso wake unakuwa kama sahani. Weka rula ya chuma juu yake. Mwanga ukipita katikati au ukingoni, hakuna gasketi itakayodumu. Flanji huchomelewa kwa vipande vinavyopingana, nje na ndani, nayo ikiwa haijaungwa na valvu.

Tatu, na hili husahaulika kuliko yote: joto. Chuma hurefuka milimita 12 kwa kila mita 1000 joto linapopanda nyuzi moja ya Selsiasi. Bomba lililolala mtaroni juani mchana laweza kuwa na joto la nyuzi 30 juu ya maji yatakayolijaa. Mita 100 za bomba hilo zitataka kufupika milimita 36. Zikizuiwa, mkazo ndani ya chuma unafika kama megapaskali 75. Kwa bomba la DN300 lenye unene wa milimita 6.3, hiyo ni nguvu ya kuvuta inayozidi tani 45, ilhali maji yenye presha ya baa 10 yanasukuma valvu iliyofungwa ya kipenyo hicho kwa tani 7 tu. Wengi hujenga zege kubwa kwa ajili ya hizo tani 7 na hawana habari na zile 45.

Dalili ya kuvutwa na joto ni unyevu wa alfajiri, au uvujaji ulioanza siku ile ile bomba lilipojazwa maji ya baridi. Ukipima mwanya kati ya flanji kwa vipimo vyembamba vya bati, unaukuta sawa pande zote lakini umepanuka. Tofautisha na mwanya mpana juu na mwembamba chini, au kinyume chake: huo ni wa bomba kuzama au valvu kuzama, na tiba yake iko kwenye udongo. Valvu nzito iliyokaa juu ya zege gumu huku bomba pande zote mbili limelala kwenye kifusi kisichoshindiliwa haiwezi kubaki kwenye mstari. Bomba litashuka, valvu itabaki, flanji itafunguka kwa juu.

Tiba ya joto ni kuunganisha kiungo cha mwisho wakati bomba limepoa, asubuhi mapema, baada ya sehemu kubwa ya mtaro kufukiwa huku viungo vikiachwa wazi. Na karibu na valvu weka kiungo cha kufungulia, kile kinachoteleza kidogo na chenye fito za kukizuia kisichomoke. Kiungo hicho ndicho kinachokuruhusu pia kuitoa valvu siku za mbele bila kukata bomba. Mimi valvu ya DN200 kwenda juu bila kiungo cha kufungulia siipokei kazini, hata mkandarasi aape vipi.

Ila fito zake zisiondolewe. Ukiona kiungo kinatoa maji pale tu valvu inapofungwa, na kinakauka ikifunguliwa, jua fito hazipo au nati zake zimelegea: valvu iliyofungwa inasukumwa, inasogea milimita chache, na kiungo kinachomoka kidogo kidogo. Kukaza gasketi hapo hakusaidii kitu. Zuia msukumo kwanza, kwa fito au kwa zege la kuegemea lililomwagwa kwenye udongo ambao haujachimbuliwa.

Valvu ya kipepeo ya kubanwa katikati ya flanji mbili, iliyovikwa mpira hadi kwenye nyuso zake, haihitaji gasketi ya ziada. Mtu mwenye nia njema huiongezea, na hiyo ya ziada hujikunja na kuvuja. Wakati wa kuiingiza, diski iwe imefunguliwa kidogo, isitokeze nje ya bodi, la sivyo mpira hukatwa siku ya kwanza.

Kuvuja juu, kwenye spindeli

Hili ni jepesi. Kama ina pakingi (pete za kuziba zilizozungushwa spindelini), kaza nati mbili za glandi, yaani kibanio cha pakingi, kwa zamu, robo mzunguko kila moja, hadi matone yakome, na uhakikishe spindeli bado inageuka. Kama pakingi imekwisha, punguza presha na ongeza au badili pete. Zenye pete za mpira za mviringo huhitaji kubadilishwa pete; baadhi ya valvu zinaruhusu kufanya hivyo zikiwa zimefunguliwa kabisa na bomba lina maji, lakini thibitisha kwenye maelekezo ya mtengenezaji kabla hujafungua kofia.

Kutu inayokimbilia karibu na valvu

Ukichimba na kukuta bomba limetoboka hatua moja au mbili kutoka kwenye valvu, huku mita 50 nzima za upande wa pili zikiwa safi, usiandike "udongo mbaya" ukaondoka. Udongo ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba karibu na valvu bomba limekutana na metali nyingine, au na zege.

Hii ndiyo kanuni: metali mbili tofauti zilizoshikana, zikiwa kwenye udongo wenye unyevu, hutengeneza betri, na moja huliwa ili nyingine ipone. Chuma kikishikana na shaba, au na chuma cha pua, chuma ndicho huliwa. Ukubwa nao una neno: kipande kidogo cha chuma kilichoachwa wazi kikishikana na eneo kubwa la metali inayopona huliwa haraka sana. Kwa sababu hiyo bomba lenye koti zuri lenye mkwaruzo mmoja tu, likiungwa na valvu ya shaba isiyofunikwa, laweza kutoboka pale penye mkwaruzo mapema kuliko bomba lisilo na koti kabisa.

Chuma kilicho ndani ya zege hukaa kama kathodi, yaani upande unaopona. Hebu tazama chemba ya kawaida kwa karibu. Bomba linapenya ukutani, fundi wa nondo ameifunga nondo kwenye bomba kwa waya ili isicheze, zege likamwagwa. Sasa nondo zote za chemba zimeungana na bomba kwa umeme. Nje ya ukuta bomba linaingia kwenye udongo mfinyanzi wenye maji. Shimo la kutu litatokea hapo, nje kidogo ya ukuta, chini ya tumbo la bomba ambako maji hukaa na hewa ni haba. Ukilifungua unakuta kidimbwi cha kutu chenye kina, na pembeni yake chuma kizima kabisa. Ukutani weka mkono wa bomba kubwa zaidi, upitishe bomba katikati, ziba nafasi kwa pete ya mpira, na hakikisha hakuna nondo inayogusa.

Kwa sababu hizo hizo, kipande kipya cha chuma kilichounganishwa kwenye bomba kuukuu huoza kabla ya lile kuukuu. Chuma kipya kinachong'aa huwa anodi, yaani upande unaoliwa, mbele ya chuma chenye kutu ya zamani. Mafundi hulaumu ubora wa bomba jipya, nalo halina hatia. Lipe koti bora kuliko la zamani, na ufunike pia kiasi cha lile la zamani.

Udongo wenyewe una sehemu yake. Ukinzani wa chini ya om-mita 10 ni udongo mkali kwa chuma. Ukizidi 100 ni mpole. Udongo mweusi wenye harufu ya yai viza ukizunguka bolti ni alama ya bakteria wanaotumia salfeti mahali pasipo na hewa. Hao hula bolti kabla ya bomba, kwa hiyo ukinusa harufu hiyo usiipige bolti nyundo kwanza: punguza presha, maana inaweza kuwa imebaki nyembamba kama penseli chini ya nati inayoonekana nzima.

Kama bomba lina ulinzi wa kathodi, yaani mkondo wa umeme unaopelekwa kwenye bomba ili lisiliwe na kutu, kila valvu inahitaji uamuzi, na uamuzi ni mmoja kati ya miwili. Ama valvu ni sehemu ya bomba linalolindwa, na hapo unavusha waya mnene kutoka upande mmoja hadi wa pili, kwa kuwa rangi ya epoksi kwenye flanji na gasketi za mpira zinaweza kukata njia ya umeme. Ama valvu ni mpaka, kama pale bomba linapoingia kituo cha pampu au linapokutana na mtandao usiolindwa, na hapo unaweka flanji ya kuhami: gasketi ya kuhami, mikono (mirija) ya plastiki kwenye kila bolti, na washa za kuhami. Kuacha bila uamuzi ndiko kunakoleta bomba lililolindwa nusu.

Valvu yenye mota ya umeme ndiyo mwizi mkubwa wa ulinzi huu. Waya wake wa ardhi huunganisha bodi ya valvu na ardhi ya kituo kizima, na mkondo uliokusudiwa bomba unaishia kwenye vijiti vya shaba. Dalili: voltimita inayosoma milivolti hasi 850 au zaidi, kwa elektrodi ya kulinganishia ya shaba na salfeti ya shaba inayowekwa ardhini, inashuka chini ya kiwango hicho kadiri unavyokaribia kituo.

Kupima flanji ya kuhami iliyofukiwa usitumie kipima om cha kawaida kutoka flanji hadi flanji. Udongo na maji yaliyomo bombani vitakudanganya. Ulinzi ukiwa umewashwa, weka elektrodi mahali pamoja ardhini na usiisogeze, soma bomba upande mmoja wa flanji, kisha upande wa pili. Masomo yakitofautiana kwa milivolti 100 au zaidi, kihami kinafanya kazi. Yakilingana, mshukiwa awe bolti. Kipima om kinafaa hapo, ndani ya chemba kavu, kati ya bolti moja moja na flanji, hadi umpate mwenye mkono wa plastiki uliokatika.

Kishindo, na bomba lililobonyea

Kishindo valvu inapofungwa ni maji yaliyosimamishwa ghafla. Kwenye bomba la chuma wimbi la presha husafiri kama mita 1000 kwa sekunde, na kila mita moja kwa sekunde ya mwendo uliokatizwa huongeza karibu baa 10. Maji yaendayo mita 1.5 kwa sekunde yakikatizwa huzaa baa 15 juu ya presha iliyokuwepo. Kwa bomba la kilomita 2, wimbi huenda na kurudi kwa sekunde 4. Ukifunga ndani ya muda huo umepata pigo zima. Ufunge kwa muda mrefu zaidi ya huo mara nyingi, na ujue kwamba sehemu ya mwisho ya safari ya kabari ndiyo inayokata maji hasa, kwa hiyo polepole ya mwanzo haisaidii kama mwisho unaharakishwa. Valvu ya kipepeo ya mkono mfupi, isiyo na gia, isiwekwe kwenye bomba kuu.

Kinyume cha pigo ni ombwe. Valvu ya juu imefungwa, ya kusafishia bondeni imefunguliwa, na valvu ya hewa ya kilimani imekwama kwa kutu au chemba yake imejaa tope. Maji yanatoka na hewa haiingii. Bomba ambalo unene wake ni mdogo kuliko kama sehemu moja ya 160 ya kipenyo laweza kubonyea kwa uzito wa hewa ya nje tu, pasipo udongo ulioshindiliwa kulisaidia. Ukikuta bomba limekuwa bapa, usitafute gari lililopita juu yake. Nenda kaifungue valvu ya hewa iliyo karibu. Tundu lake la kupumulia liwe juu ya usawa wa mafuriko, vinginevyo siku ya ombwe litavuta maji ya chemba na kuyaingiza kwenye maji ya kunywa.

Unapolazimika kuibadilisha

Ikishathibitika kwamba valvu yenyewe imekwisha, chagua kwa kazi. Kwa kufunga na kufungua hadi DN300 hivi, valvu ya geti yenye kabari ya mpira na koti la epoksi ndani na nje ndiyo chaguo langu, na inaweza kufukiwa moja kwa moja ikiwa na fimbo ya kurefusha spindeli na sanduku la juu. Kwa vipenyo vikubwa valvu ya kipepeo ni nyepesi na fupi, lakini iwe na gia iliyozibwa dhidi ya maji na ikae ndani ya chemba. Sioni sababu ya kufukia gia. Bomba linalosafishwa kwa kupitishiwa kifaa cha kusugua ndani halitaki kipepeo hata kidogo. Kiwango cha presha kitoshe presha ya majaribio ya bomba, maana bomba hujaribiwa mara nyingi kwa mara 1.5 ya presha ya kazi, na kikalio cha valvu hupimwa kiwandani kwa mara 1.1 tu ya PN yake. Usijaribie bomba dhidi ya valvu iliyofungwa. Tumia flanji kipofu, ile isiyo na tundu la kupitisha maji.

Valvu isiinuliwe kwa spindeli wala gurudumu, na isikae juani stoo ya nje ikisubiri mtaro. Kabla ya kushuka kwenye chemba ya zamani, ipitishe hewa na ipime: kutu hula oksijeni ya mahali palipofungwa. Waya wa ardhi wa mashine ya kuchomelea ushikwe upande ule ule unaochomelewa, mkondo usipite ndani ya valvu. Kisha rudishia koti la bomba lililoungua, ndani na nje, kwa sababu mzunguko wa chuma kitupu ulioachwa nyuma ya flanji ndio utakaotoboka kwanza.

Jaza maji taratibu ukitoa hewa, fanya jaribio la presha huku flanji zikionekana, kaza bolti tena kwa mtindo wa msalaba, na baada ya hapo tu zungusha utepe wa mafuta ya petrolati juu ya flanji, bolti na bodi yote, ukijaza mabonde kwa utomvu wake ili utepe usiache mapango. Sanduku la juu lilale kwenye fremu yake ya zege pasipo kugusa spindeli, tairi la lori lisije likaigonga valvu kupitia fimbo. Fukia kwa mchanga usio na mawe hadi sentimita 15 juu ya bomba, shindilia kwa tabaka pande zote mbili, na uandike kwenye daftari la mtandao idadi ya mizunguko, upande wa kufunga, PN, na umbali kutoka alama mbili zisizohama.